Jua la Sandukuni

Kila siku ya kazi, saa mbili kasorobo asubuhi, Fundi Jua aliwasha taa ya maabara, akasubiri robo saa mpaka itulie, kisha akaweka mgongo wa mkono wake wa kushoto chini ya mwanga na kuhesabu moja hadi kumi. Baada ya hapo ndipo alipogusa mita. Wanafunzi walimcheka. "Mzee anaota jua," walinong'onezana. Yeye hakuwajali, ila aliyeuliza kwa adabu alimwambia kwamba mita hukujibu ulichoiuliza, na mkono hukuambia hata usichouliza.

Taa hiyo ilikaa ndani ya sanduku la chuma lenye kimo cha meza. Kazi yake ilikuwa kuiga jua la mchana, ili seli za sola zipimwe ndani ya nyumba pasipo kungoja mawingu yapishe. Wafanyakazi waliiita Jua la Sandukuni, na mtunzaji wake wakamwita Fundi Jua. Jina likamfuata hadi mtaani, hadi kwenye kadi za mwaliko wa harusi. Mkewe, aliyependa mambo yaandikwe inavyopasa, alikuwa akilikata kwa kalamu na kuandika jina kamili juu yake kabla ya kuiweka kadi kabatini.

Alizaliwa mtoto wa pili wa karani wa posta, mtu aliyejulikana kwa mambo mawili: kola iliyonyooka kwa pasi, na kutowahi kupoteza barua ya mtu hata moja. Kaka yake alikwenda chuo kikuu. Yeye, kwa kuwa mshahara wa karani haukuweza kubeba wawili kwa mpigo, alikwenda chuo cha ufundi kusomea umeme, na hakuna aliyemsikia akinung'unika. Akiwa na miaka ishirini na minne alitumwa kwenye maabara ile kutengeneza feni. Aliitengeneza, kisha akauliza feni yenyewe inampepea nani. Mkuu wa maabara wa siku hizo, mzee asiye na haraka, akafungua sanduku, akamwonyesha taa na kumweleza kwa saa nzima. Mwezi uliofuata Fundi aliajiriwa, na hakutoka tena kwa miaka thelathini na mbili.

Mke alimpata katika miaka hiyohiyo: mwalimu wa hesabu wa sekondari, mwenye shahada, huku yeye ana cheti. Jambo hilo halikuwahi kuwa neno kati yao, isipokuwa pale Mwalimu alipomkagulia ripoti zake za mwaka kwa kalamu nyekundu na kumrudishia. "Kazi nzuri," aliandika pembeni. "Nukta ziko wapi?"

Walijaliwa wavulana wawili. Kisha kaka yake Fundi, ambaye alishafiwa na mke, akafariki naye, akaacha binti wa miaka tisa. Hapakuwa na kikao cha ukoo. Fundi alikwenda kumchukua na sanduku lake la nguo, na tangu siku hiyo nyumba ikawa na watoto watatu. Binti alimwita Baba mdogo, na mkewe Mama mdogo, na akarithi akili ya baba yake na ubishi wa Mama mdogo, ingawa huyo wa pili hawakuchangia damu.

Basi Binti akasoma fizikia, akasonga, akapata nafasi ya shahada ya uzamivu katika maabara ileile ya Baba yake mdogo. Hapo ndipo midomo ilipofunguka. "Kapitia mlango wa nyuma," walisema. "Ufunguo anao baba yake mdogo." Ukweli ni kwamba nafasi ilishindaniwa kwa mtihani, na matokeo yalibandikwa ukutani kwa wiki mbili, Binti akiwa wa kwanza. Mwalimu alikwenda mwenyewe, akaomba nakala yenye muhuri, akaiweka kwenye faili la kijani walimotunza vyeti vya nyumba nzima.

"Ya nini?" Fundi aliuliza.

"Likija neno, karatasi ijibu. Mimi sina muda wa kujibizana na watu."

Utafiti wa Binti ulihusu kitu ambacho wanafizikia wanakiita visima vya kwanta. Aliueleza mezani jioni moja, wakinywa chai.

"Mnachimba visima ndani ya seli ya sola?" Mwalimu aliuliza.

"Vyembamba, Mama mdogo. Unywele mmoja wa kichwani mwako unazidi unene wa kisima kimoja mara elfu kadhaa."

"Nywele zangu ziache. Eleza."

"Haya. Chukulia nyumba ya ghorofa isiyo na ngazi. Mwanga ndio unaomrusha mtu kutoka chini, na akifika ghorofani anatembea, ndio umeme. Mwanga wenye nguvu unamfikisha. Ule dhaifu, ulio ng'ambo ya wekundu, ambao jicho halioni, unamrusha hafiki, anarudi chini. Umepotea bure. Sasa sisi tunaweka vijisakafu vyembamba, chini kidogo ya ghorofa. Mwanga dhaifu unamfikisha hapo, halafu joto tu la chumba linamsukuma amalizie."

"Mbona sasa ni visima?"

"Ukiwa ghorofani ukitazama chini, unaona mashimo. Hata aliyefika juu anaweza kutumbukia. Ndiyo hasara yake: umeme unaongezeka wingi, lakini msukumo wake unapungua. Shahada yangu yote ni swali moja: tunachopata kinazidi tunachopoteza?"

"Hilo," alisema Mwalimu, "ni swali la kila ndoa."

Fundi alipaliwa na chai.

Ilikuwa miezi minne baadaye kioo kilipopasuka. Mbele ya Jua la Sandukuni palikuwa na chujio, kioo cha mraba cha ukubwa wa kiganja, ambacho kiliondoa ziada za taa ili mwanga wake ufanane na wa jua. Asubuhi hiyo umeme ulikatika, ukarudi, feni haikuwaka, kioo kikapata moto na kupasuka katikati. Kuagiza kipya kiwandani ni miezi mitatu, minne. Fundi akateremka stoo.

Mtunza stoo alikuwa akiitwa Bwana Hakuna, kwa kuwa ndilo jibu alilompa kila mtu tangu aajiriwe. Ukimwomba waya, hakuna. Ukimwomba msumari, hakuna. Wengine walisema hata harusini kwake, shehe alipomuuliza kama kuna pingamizi, alijibu kabla ya swali kwisha.

"Nina shida ya chujio," Fundi alisema, akiwa ameshageuka nusu kuondoka.

"Kipo kioo," alisema Bwana Hakuna.

"Unasema?"

"Kipo. Cha taa ile ya zamani iliyotupwa. Upana sawa. Kinakula vumbi hapa miaka kumi na moja."

Fundi alikipangusa, akakifunga kwa skrubu zake nne, na kikakaa kana kwamba kilizaliwa pale. Kisha akafanya ipasavyo. Alichukua seli ya kielelezo, ile iliyotumwa na maabara kubwa pamoja na cheti chake, akaiweka chini ya taa na kurekebisha kimo mpaka ikasoma inavyotakiwa. Akapima seli tatu za zamani ambazo majibu yake aliyajua kama anavyojua namba ya nyumba yake. Zote zikatoa majibu yaleyale. Akafungua daftari la taa, akaandika tarehe, na chini yake: *Chujio limebadilishwa. Limejaribiwa. Sawa.*

Neno hilo la mwisho lilikuwa na uzito pale kazini. Profesa aliyeongoza maabara alikuwa na desturi ya kuwaambia wageni, "Fundi akiandika sawa, mimi sisomi mara ya pili."

Ila asubuhi ya pili, alipoweka mkono, hakufika kumi. Alipofika saba ngozi ilimuuma. Akasafisha feni, akaitia mafuta, akaweka mkono tena: saba. Mita haikuwa na neno. Fundi alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Akajisemea kwamba ngozi nayo huzeeka, akaacha kuhesabu.

Hilo ndilo kosa lake, na liandikwe kama lilivyo. Alipobadilisha kioo hakukosea, kwa kuwa mtu hutumia alichonacho. Alikosea alipousikia mkono wake ukisema, akaunyamazisha.

Wiki tatu baada ya hapo zikafika seli mpya za Binti, zilizooteshwa tabaka juu ya tabaka kwenye mashine ya taasisi nyingine, nusu zenye visima, nusu za kawaida. Binti alizipima mwenyewe. Ya kawaida iligeuza asilimia ishirini na mbili nukta moja ya mwanga kuwa umeme. Yenye visima: ishirini na nne nukta tatu. Alirudia mara sita. Mara ya saba alimwita Baba mdogo aje asome yeye, maana macho yake hakuyaamini.

"Ishirini na nne nukta tatu," Fundi alisoma.

Binti alimkumbatia kwa nguvu mpaka kalamu zikamdondoka mfukoni. Profesa alipopata habari alitembea korido nzima akizungumza peke yake. Wafadhili wa mradi walikuwa waje kuamua kama kazi ile inastahili awamu ya pili. Profesa akawaandikia kwamba waje Alhamisi ya mwisho wa mwezi, wajionee seli ikipimwa mbele yao. Nyumbani, Mwalimu hakutangaza kitu. Alisema tu kwa walimu wenzake kwamba binti yao "amepata jibu zuri", na walioelewa wakaelewa.

Jumatatu ya wiki ya wageni, kifurushi kutoka kiwandani kikafika mapema kuliko ahadi. Ndani yake mlikuwa na chujio jipya, na karatasi yenye mchoro wa mstari unaopanda na kushuka, ukionyesha ni mwanga upi unapita na upi unazuiwa. Fundi alifunga kioo kipya, akasubiri robo saa, akaweka mkono.

Kumi. Bila shida.

Alisimama vile, mkono bado chini ya taa, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akapima seli ya kielelezo: ileile. Ya kawaida ya Binti: ishirini na mbili nukta moja, ileile. Yenye visima: ishirini na mbili nukta nne.

Akaketi. Hakuhitaji kuelezwa. Taa ya gesi kama ile ina tabia yake, humwaga mwanga mwingi kupita kiasi mahali pamoja tu, ng'ambo kidogo ya wekundu, na jua la kweli halifanyi hivyo. Chujio jipya liliikata ziada hiyo. Lile la stoo, lililotengenezwa kwa taa nyingine, liliiacha ipite, nayo ndiyo iliyomchoma mkono. Seli za kawaida hazioni sehemu hiyo kabisa, na seli ya kielelezo ilikuwa ya ukoo wao. Hakuna hata moja iliyolalamika. Seli ya Binti ndiyo ya kwanza kuingia chumba kile ikiwa imetengenezwa makusudi ione pale pale. Ilipewa zaidi ya haki yake, nayo ikatoa hesabu ya ilichopewa. Fundi alikuwa amemwita kipofu awe shahidi wa rangi.

Bisibisi ilikuwa mezani. Skrubu nne, dakika kumi. Alirudisha kioo cha stoo mahali pake, akafungia kipya katika kitambaa na kukitia mkobani, akaenda nacho nyumbani. Alijiambia kwamba anataka nafasi ya kufikiri.

Mwalimu alikuwa akisahihisha madaftari mezani. Alimtazama mumewe akiweka mkoba juu ya kochi polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Una nini humo?"

"Kioo."

"Kioo gani kinabebwa hivyo?"

Akamweleza. Mwalimu wa hesabu haelezwi jambo mara mbili. Aliweka kalamu chini.

"Nani anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi Alhamisi ipite kwanza. Wakishaondoka utafunga kioo chako kipya, mtapima upya taratibu, mtasema mmerekebisha. Kila siku watu wanarekebisha."

"Mwalimu."

"Usiniite Mwalimu. Nimekaa miaka mitatu nikisikia mlango wa nyuma, mlango wa nyuma. Sasa unataka nikawape na ufunguo wenyewe? Jina la nyumba hii baba yako alilibeba na barua za watu, na hakuangusha hata moja!"

Fundi alivua viatu, akavipanga. "Alhamisi ikipita," alisema, "namba itakuwa imeandikwa na wageni. Mwakani mtu wa nchi nyingine ataotesha seli kama ile, atapima, atakosa. Atarudia, atakosa. Unadhani watasema fundi fulani alifunga kioo cha stoo? Mimi hawanijui. Kwenye karatasi kuna jina moja, la mtoto. Watasema alitia chumvi."

Mwalimu alichukua kalamu yake, akaweka alama kwenye daftari lililokuwa mbele yake, kisha akagundua ameweka vema kwenye jibu lisilo sahihi. Akalikata.

"Mwite," alisema.

Hakukuwa na haja ya kumwita. Binti alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. "Mkinong'ona hivyo mnasikika hadi bafuni. Seli yangu ina nini?"

Fundi alisema yote akiwa amesimama, kama mtu anayetoa ripoti, kuanzia umeme kukatika hadi mkono wake kufika kumi. Hakuacha hata lile la saba. Alipofika hapo Binti alimkatiza.

"Ulihisi?"

"Nilihisi."

"Wiki tatu kabla sijapima. Na ukaandika sawa."

"Niliandika kabla ya kuhisi. Sikulirudia neno hilo."

Binti alikaa kwenye mkono wa kochi. Uso ulimvimba kama wa mtu anayetaka kulia akakataa. Hatimaye akauliza, "Ya kawaida ni ngapi?"

"Ishirini na mbili nukta moja."

"Na yangu?"

"Nukta nne."

"Kwa hiyo inazidi."

"Kwa kidogo."

"Sikuuliza kwa ngapi." Akasimama. "Ila nami sikiamini kioo chako kipya, kama nisivyokiamini cha zamani. Kesho saa sita tunapanda juu ya paa. Na naomba usiguse seli zangu mpaka nifike, Fundi."

Hakumwita Baba mdogo. Mwalimu alilisikia, na Fundi alilisikia.

Jumanne mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua. Walibeba meza ndogo, mita, kipande cha bomba la maji ya kupoza seli, na kitambaa cheusi cha kuzifunika kati ya kipimo na kipimo. Binti aliielekeza meza mpaka kivuli cha msumari aliousimamisha juu yake kikatoweka. Walipima zamu kwa zamu, ya kawaida, yenye visima, ya kawaida, yenye visima, mara kumi na mbili. Fundi alisoma, Binti akaandika. Hawakuzungumza ila kwa tarakimu. Joto la paani lilishusha namba zote kidogo, lakini tofauti kati ya hizo mbili ilikaa palepale: nukta tatu. Mara moja nukta mbili, mara moja nukta nne. Haikukaribia mbili nukta mbili hata mara moja.

"Jua halina stoo," Binti alisema mwishoni, akifunga daftari. Fundi hakujua kama ni mzaha, hivyo hakucheka.

Jumatano waliingia kwa Profesa wote wawili. Alisoma kurasa za paani, akavua miwani, akaivaa, akavua tena.

"Nani mwingine anajua?"

"Jua," alisema Binti.

"Si wakati wa utani, mwanangu. Wageni wako njiani. Nimeshawaandikia ishirini na nne." Akamgeukia Fundi, na sauti yake ikawa ya mtu aliyeumizwa na rafiki. "Fundi, miaka yote hii. Mimi sisomi mara ya pili ulichoandika wewe."

"Ndiyo, Profesa. Hii ungesoma."

Profesa alipendekeza njia ya katikati: waonyeshwe vyumba, waonyeshwe seli, kipimo kiahirishwe kwa sababu za kiufundi. Binti alitazama sakafu. Shahada yake ilikuwa mikononi mwa mtu huyo. Fundi ndiye aliyejibu.

"Sababu za kiufundi ni mimi, Profesa. Wakiuliza, itabidi mtu anitaje. Afadhali nijitaje mwenyewe nikiwepo. Nipe dakika kumi tu, na skrubu nne."

Alhamisi wageni walikuwa watano. Fundi alivaa koti jeupe ambalo Mwalimu alikuwa amelipiga pasi mara mbili bila kuombwa. Alisimama kando ya sanduku, akapima seli kwa kioo cha stoo: ishirini na nne nukta tatu. Mgeni mmoja alianza kupiga makofi. Fundi akaomba radhi, akafungua skrubu, akafunga kioo kipya, akapima seli ileile: ishirini na mbili nukta nne. Kisha akaeleza alichofanya, tarehe aliyofanya, na alichoandika, akawafungulia daftari ukurasa wenyewe. Mstari mmoja ulikuwa umepita juu ya neno *Sawa*, mwembamba, ili la chini lisomeke, kama sheria ya madaftari inavyotaka. Pembeni kulikuwa na maneno: *Si sawa kwa seli zenye visima. Nilihisi joto siku ya pili, sikuandika.* Na sahihi yake.

Mama mmoja mhandisi, mwenye mvi, ndiye aliyeuliza: "Joto ulilihisi kwa chombo gani?"

Fundi aliona haya, lakini alishafika mbali mno kurudi nyuma. Akaweka mkono chini ya taa. Wanne wakacheka. Mama yule hakucheka. Alivua saa, akakunja mkono wa blauzi na kuweka wake. Akaomba kioo cha stoo kirudishwe, akaweka tena, akautoa kwa kasi.

"Sita," alisema. "Ngozi yangu imezeeka kuliko yako."

Hawakupata awamu ya pili kama walivyoiomba. Walipewa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba taa ipimwe rangi kwa rangi kila mwezi, na kwamba kazi yote ya visima irudiwe tangu mwanzo. Binti akaondoa makala yake iliyokuwa karibu kuchapishwa, na uzamivu wake ukasogea mbele miezi kumi na minne. Ilikuwa mirefu hiyo. Wapo waliosema mlango wa nyuma sasa umejulikana, na wapo waliosema mzee amemwangusha mtoto wake mwenyewe. Bwana Hakuna naye aliitwa kuhojiwa, akarudi stoo akiapa. "Siku moja tu nimesema kipo," alilalamika, "mkaona yaliyotokea. Sisemi tena ng'o."

Fundi alipewa barua ya onyo. Aliileta nyumbani ndani ya bahasha iliyofunguliwa, akaiweka mezani. Mwalimu aliisoma mara mbili, kalamu nyekundu mkononi.

"Haina hata kosa moja la nukta," alisema kwa masikitiko. Kisha akainuka, akatoa faili la kijani kabatini, akalifungua mahali palipokuwa na cheti cha ufundi cha mumewe, akaitoboa barua na kuipanga nyuma yake.

"Hiyo nayo unaitunza?"

"Kwa nini nisiitunze? Imeandikwa hapa kwamba ulikosea, na imeandikwa hapa kwamba ulisema mwenyewe. Sentensi ya tatu, soma. Ningeitupa, watu wangebaki na ile nusu ya kwanza." Akafunga faili. "Mimi ndiye niliyesema Alhamisi ipite. Hilo nalo silisahau."

Binti alikuwa kwenye kiti cha pembeni, miguu juu, na michoro ya taa imemzunguka. Alikuwa ameanza sura mpya ya tasnifu yake, isiyokuwamo kwenye mpango: namna taa za maabara zinavyozidanganya seli zenye visima, na namna ya kuzikamata. Kwa wiki tano alikuwa akimwita Baba yake mdogo Fundi, nyumbani na kazini, bila ukali, kama mtu wa kazini tu.

"Ule mkono," alisema bila kuinua uso, "kipindi cha kioo cha stoo, ulikuwa ukifika saba kila siku, au kuna siku ulifika nane?"

"Saba. Ila siku za baridi, nane."

Aliandika. Akachora mstari chini yake. "Nahitaji wa pili wa kulinganisha. Kesho saa mbili kasorobo nitakuja nami niweke wangu. Usiwashe mpaka nifike, Baba mdogo."

"Sitawasha," alisema Fundi, akaenda kutafuta viatu vyake avipige rangi.